Uzi maalumu: Kuendesha mada mtandaoni na kuigeuza rekodi yake kuwa podikasti inayosikilizika

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote. Kwa miaka sita sasa kazi yangu ni kuandaa na kusimamia mada za mtandaoni: ninamtafuta mtoa mada, ninafanya naye mazoezi, ninafungua chumba, ninapokea maswali na ninafunga. Kwa miaka minne kati ya hiyo nimekuwa pia nikizigeuza rekodi za mada hizo kuwa podikasti. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali moja linanijia karibu kila wiki kutoka kwa watu wanaoanza kazi hii, nalo huulizwa hivi: mada ilifana, watu walihudhuria na kupongeza, nimeondoa picha nikabaki na sauti, nimeipandisha, lakini wasikilizaji wanaacha baada ya dakika chache, je, nihariri vipi? Jibu langu, ambalo nitalieleza kwa urefu, ni kwamba ugonjwa huo hautibiki kwenye uhariri kwa sababu haukuzaliwa huko. Rekodi hufaa au hushindwa kufaa tangu siku mada inapoandaliwa, kwa kutegemea kama mtoa mada alimfikiria mtu asiyeiona skrini.

Nilijifunza hili kwa aibu. Rekodi ya kwanza niliyoigeuza ilitoka kwa mtoa mada mahiri sana, aliyezungumza kwa dakika 52 kuhusu namna ya kuwabakiza wanafunzi wanaosoma kwa masafa. Waliohudhuria walimsifu kwa haki. Siku iliyofuata nilivaa hedifoni, nikatoka kwenda kutembea huku nikiisikiliza sauti peke yake, na kabla ya dakika ya kumi nilikuwa nimepotea kabisa. Nilirudi nyumbani, nikakaa na karatasi, nikaanza kuhesabu. Hadi nilipokata tamaa ya kuendelea, maneno "kama mnavyoona hapa" yalikuwa yametamkwa mara 41. Kulikuwa na "hii ya bluu", "huyu wa kulia", "ukilinganisha na ile ya juu". Kulikuwa pia na ukimya wa karibu dakika nzima, wakati washiriki walipopewa nafasi ya kusoma jedwali. Kwa aliyekuwa chumbani ule ulikuwa ukimya wa kazi, lakini kwa msikilizaji wa podikasti ni ishara kwamba simu imezima.

Tukumbuke chombo hiki kilivyozaliwa. Neno "podcasting" liliandikwa na mwandishi Ben Hammersley katika gazeti la The Guardian mwezi Februari 2004, wakati watu walipoanza kupakua vipindi vya sauti na kuvibeba kwenye vichezeshi vya mfukoni, na mwezi Juni 2005 kampuni ya Apple ikaviingiza vipindi hivyo katika iTunes, programu yake ya muziki. Tangu mwanzo, basi, msikilizaji wake alikuwa mtu anayetembea, anayeendesha gari au anayeosha vyombo, yaani mtu ambaye macho na mikono yake viko kwenye shughuli nyingine. Zipo siku hizi podikasti za picha, nami sizipingi, lakini hata hizo wengi huziacha ziendelee huku simu iko mfukoni. Ukimpa mtu huyo sentensi inayohitaji macho, umemfungia mlango.

Nitaonyesha kwa mfano mmoja, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtoa mada wetu alisema hivi mbele ya mchoro: "Kama mnavyoona hapa, ilianza huku juu, ikaenda hivi hivi kwa muda, halafu kuanzia hapa mambo yakabadilika kabisa." Katika mazoezi ya mada iliyofuata nilimwomba aueleze mchoro uleule kana kwamba ananipigia simu, naye akasema: "Nitaeleza idadi ya wanafunzi waliobaki darasani kila wiki, kwa muda wa wiki 12. Tulianza na wanafunzi 200. Idadi hiyo haikutikisika hadi wiki ya tano. Wiki ya sita, tulipotoa zoezi la kwanza la alama, wakaanza kuondoka, na tulipofika wiki ya mwisho walikuwa wamebaki 80." Sentensi za pili zinachukua sekunde chache zaidi, lakini zina kila kitu: kinachopimwa, kilipoanzia, kilipovunjika, na sababu. Zinamfaa pia aliyehudhuria mbashara kwa simu yenye kioo kidogo, aliyepatwa na mtandao dhaifu slaidi ikachelewa kufunguka, na asiyeona kabisa. Sijawahi kukutana na mshiriki aliyelalamika kwamba mchoro umeelezwa vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo, katika kila mazoezi ninatenga nusu saa ambayo mimi msimamizi ninaigeuzia skrini mgongo na kumsikiliza mtoa mada. Kila ninapopotea ninainua mkono, naye anaweka alama kwenye slaidi hiyo. Hatubadilishi slaidi, tunabadilisha maneno. Jambo hili ni dogo na halina gharama, ila sijaona kifaa wala programu iliyonisaidia kuliko hilo.

Nitaendelea na siku yenyewe katika chapisho linalofuata.

#2 Mwanzisha uzi

Siku ya mada, jambo la kwanza ni kugawana kazi. Mtoa mada atoe mada. Msimamizi aongoze mazungumzo na kulinda muda. Mtu wa tatu, asiyeonekana, awapokee wanaochelewa, azime maikrofoni zilizosahaulika wazi, asome ujumbe unaoandikwa na kuangalia kwamba rekodi kweli inaendelea. Anayejaribu kubeba yote matatu peke yake husikika katika rekodi akikatisha sentensi ili amruhusu mtu kuingia, na sentensi ile iliyokatika haiungwi tena.

Fungueni chumba dakika 15 kabla, na yale ya "mnanisikia?" na "slaidi zinaonekana?" yaishie humo, kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa. Kisha msimamizi atangaze kwamba rekodi inaanza, wote wanyamaze kwa sekunde kumi, ndipo mada ifunguliwe kwa sentensi inayosimama peke yake: nani anazungumza, kuhusu nini, na kwa nini jambo hilo lina uzito. Salamu za asubuhi au jioni, shukrani kwa wadhamini na maelekezo ya vitufe viwekwe kando ya ufunguzi huo, ili vikatike bila kuacha kovu. Zile sekunde kumi za ukimya nazo zina kazi, kwa maana mhariri atazihitaji ili programu ijifunze kelele ya chumba ikoje pale ambapo hakuna anayezungumza.

Kuhusu sauti, maikrofoni ya bei ya chini iliyo shubiri moja kutoka mdomoni hushinda maikrofoni ya thamani iliyo upande wa pili wa meza. Chumba chenye kuta tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi kuuondoa ni taabu kubwa, kwa hiyo tafuta chumba chenye pazia nzito, zulia au kabati la nguo lililofunguliwa. Kila mzungumzaji avae hedifoni, bila kumwonea mtu muhali. Asipovaa, sauti za wenzake zinazotoka kwenye spika zinarudi kwenye maikrofoni yake, na mfumo wa mkutano, katika kupambana na mwangwi huo, unaanza kumeza silabi zake kila mwenzake anapokohoa au kucheka.

Ninaomba tulitazame kwa karibu suala la watu kugongana wanapozungumza, kwa sababu linadhaniwa kuwa ni utovu wa adabu kumbe ni suala la kasi ya mtandao. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba, katika mazungumzo ya kawaida, pengo kati ya anayemaliza na anayejibu ni kama milisekunde 200 kwa wastani, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza kwamba ucheleweshaji wa sauti kuelekea upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja utaelewa kwamba mtandao ukichelewa kidogo tu, ishara ya "nimemaliza" inamfikia mwenzako akiwa tayari amekata tamaa ya kusubiri. Wote wawili wanaanza kusema, wote wawili wananyamaza, wote wawili wanaomba radhi. Dawa yake ni msimamizi kumtaja mtu kwa jina kila anapompa nafasi, na wazungumzaji kukubaliana mapema kwamba anayemaliza atasema wazi kuwa amemaliza. Jina hilo linamsaidia pia msikilizaji wa podikasti, ambaye hana picha ya kumwonyesha nani sasa anazungumza.

Lipo pia suala la uchovu. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha maelezo ya kwa nini mikutano ya video huchosha, akataja mambo manne: nyuso nyingi zinazokukodolea macho kwa ukaribu usio wa kawaida, kujitazama mwenyewe kwa muda mrefu, kukaa bila kujongea, na nguvu ya ziada ya akili inayohitajika katika kutuma na kusoma ishara za mwili. Kwa hiyo mimi huwaomba watoa mada waifiche picha yao wenyewe, wasogee mbali kidogo na kamera huku maikrofoni ikibaki karibu, na wasimame kama meza inaruhusu. Tofauti inasikika katika sauti, hasa baada ya nusu saa ya kwanza, wakati ambapo aliyeketi huanza kuzungumza kama anayesoma tangazo.

#3 Sikio la Tatu

Mkuu, shukrani kwa somo hili. Nina maswali mawili. Mada zetu huchukua dakika 90, na dakika 40 za mwisho ni maswali na majibu. Je, tuweke kipindi kimoja kirefu au tukate vipande? Na je, yale maswali tuyaondoe? Wengi wa wauliza maswali wana sauti mbovu, na wengine huandika tu badala ya kusema.

#4 Mwanzisha uzi

Ndugu, usikate kwa dakika, kata kwa hoja. Mada yenye hoja tatu zinazoweza kusimama kila moja kwa miguu yake inaweza kuwa vipindi vitatu, na mada yenye hoja moja ndefu ibaki kipindi kimoja hata kama ni kirefu. Kipindi kinachokatwa katikati ya hoja kwa sababu saa imefika dakika 30 humkera msikilizaji kuliko kipindi kirefu.

Maswali usiyaondoe hata kidogo. Katika uzoefu wangu, mara nyingi ndiyo sehemu bora ya podikasti, kwa sababu mtoa mada anaacha kusoma alichoandaa na anaanza kuzungumza na mtu. Kuna wakati nimechapisha majibu tu na kuiacha mada yenyewe kabatini. Kinachotakiwa ni msimamizi kulirudia kila swali kwa sauti yake, kwa ufupi na kwa ukamilifu, kabla halijajibiwa, iwe limesemwa au limeandikwa. Kufanya hivyo kunatatua shida ya sauti mbovu, kunampa mtoa mada sekunde chache za kufikiri, na kunalinda faragha ya muulizaji.

Kuhusu faragha nitasema kwa mkazo. Mtu aliyekubali kuhudhuria hajakubali kusikika na ulimwengu kwa miaka kumi ijayo. Andika kwenye mwaliko kwamba mada itarekodiwa na sauti itachapishwa, lirudie jambo hilo kabla ya kubonyeza kitufe, na mpe kila mtu njia ya kuuliza bila kusikika. Kwa mtoa mada, pata ridhaa ya maandishi inayotaja podikasti waziwazi. Nimewahi kulazimika kufuta kipindi kilichokwisha hewani kwa sababu muulizaji mmoja alieleza jambo la ugonjwa wa mzazi wake akidhani yuko kati ya watu 30 tu. Alikuwa na haki kabisa, na kosa lilikuwa langu. Vilevile angalieni muziki na vipande vya filamu vinavyochezwa ndani ya mada, kwani ruhusa ya kuvionyesha chumbani si ruhusa ya kuvisambaza.

#5 Mhariri wa Usiku

Mimi ni mhariri wa sauti, nami ninaunga mkono yote yaliyosemwa, hasa lile la hedifoni. Niruhusuni niongeze upande wa meza ya uhariri, kwa kuwa mwanzisha uzi ameupita haraka.

Kwanza, kila mzungumzaji awe na faili lake. Zoom ina mpangilio wa kurekodi sauti ya kila mshiriki peke yake, ila lazima uwashwe kabla ya mkutano. Ukisahau, hakuna namna ya kuzitenganisha sauti hizo baadaye kwa usafi uleule. Hata hivyo, sauti hiyo bado imepita kwenye mtandao, ikabanwa na kukatikakatika pale mtandao ulipoyumba. Kwa hiyo, kwa mtoa mada mkuu, mimi huomba simu yake iwekwe mezani karibu naye ikirekodi kwa programu ya kawaida ya kurekodi sauti, na baada ya mada anitumie faili hilo. Mara kadhaa faili la simu ndilo lililokiokoa kipindi.

Tatizo linalowashangaza wengi ni kwamba faili la simu na la kompyuta yakianza sawasawa huweza kupishana kidogo kidogo, hadi kufikia mwisho wa saa nzima sauti hizo mbili haziko pamoja. Saa za ndani za vifaa hivyo hazilingani kikamilifu, na mara nyingine faili moja lina sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde na lingine 48,000. Ndiyo maana ninaomba mtoa mada apige kofi moja mwanzoni na moja mwishoni. Kofi huonekana kwenye mchoro wa mawimbi kama mwiba uliosimama wima. Ninalinganisha miiba ya mwanzo, ninaangalia ya mwisho imepishana kiasi gani, kisha ninanyoosha au ninafupisha faili kwa kiasi hicho.

Pili, faida kubwa ya mafaili yaliyotengana ni kwamba yale mapengo na migongano ya mtandao iliyoelezwa hapo juu hurekebishika. Mmoja aliuliza, mtandao ukachelewa, kukawa na ukimya wa sekunde mbili, jibu likaja. Ninalisogeza jibu lifuate swali kwa pengo la kawaida la mazungumzo, na papo hapo watu wawili waliokuwa mbalimbali wanasikika kama wameketi meza moja. Ila nina mpaka wangu: ukimya ambao mtu alikuwa akifikiri siugusi. Mtu akiulizwa swali zito akanyamaza sekunde nne kisha akasema "hapana", zile sekunde nne ni sehemu ya jibu, na mhariri anayezikata anapotosha alichosema.

Mpangilio wangu wa kazi ni mwepesi. Ninaanza kwa kutunza nakala ya faili ghafi mahali pawili tofauti kabla sijagusa chochote. Kisha ninaondoa mingurumo iliyo chini ya hezi 80, ninapunguza kelele ya chumba kwa kiasi kidogo, ninasawazisha sauti kubwa na ndogo, na mwisho ninapima ukubwa wa sauti kwa kipimo cha LUFS. Apple inapendekeza takribani hasi 16, na kilele kisizidi hasi 1 ya desibeli, nami hufuata hapo. Mkipunguza kelele kupita kiasi sauti ya mtu huwa kama inatoka ndani ya chupa, na kwa masikio yangu kelele kidogo ya feni inavumilika kuliko hilo. Programu ya kuhariri sauti ya Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000, inaifanya kazi hii yote vizuri.

Kwa sauti ya mazungumzo matupu, MP3 ya mono (yenye njia moja tu ya sauti) ya kilobiti 64 kwa sekunde inatosha. Hesabu yake ni kama megabaiti 29 kwa saa nzima. Ukichagua kilobiti 128 unazidisha mara mbili, na msikilizaji anayenunua data kwa kipimo ndiye anayelipa tofauti hiyo bila kupata ubora wowote anaoweza kuusikia kwenye hedifoni ndogo.

#6 Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia mjadala kwa makini, na kwa heshima nina shaka. Je, hatujilazimishi? Mada ya mbashara ina uhai wake kwa sababu watu wako pamoja. Podikasti ni kazi nyingine yenye adabu yake. Kwa nini tusimwite mtoa mada wiki inayofuata, tukae naye kwa dakika 30 bila slaidi wala hadhira, tukarekodi mahojiano safi, kuliko kutumia saa nane tukiunga vipande? Mimi nimefundisha kwa miaka mingi, na somo zuri darasani mara chache huwa insha nzuri.

#7 Mwanzisha uzi

Mwalimu, shikamoo. Umesema jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulikubali. Zipo mada ambazo haziwezi kuwa podikasti kwa namna yoyote, kama vile mafunzo ya kutumia programu ya kompyuta, uchambuzi wa picha au ramani, na hesabu zinazoandikwa hatua kwa hatua. Hizo zibaki video, na anayezigeuza kuwa sauti anamdanganya msikilizaji. Zipo pia ambazo mahojiano mapya yatakuwa bora, na kama mtoa mada ana nafasi, mimi huyachagua hayo.

Ninapotofautiana nawe kidogo ni kwenye kitu ambacho mahojiano hayawezi kukirudisha. Muulizaji mwenye shida yake halisi humfanya mtoa mada aseme asichokuwa amepanga kukisema. Mimi mhoji ninauliza kwa adabu na kwa maandalizi, lakini yule anauliza kwa sababu kesho asubuhi ana kazi ya kufanya na amekwama. Kwa hiyo siku hizi ninachanganya: ninachukua kutoka kwenye rekodi ya mbashara vile vipande vyenye uhai, kisha ninamwomba mtoa mada anirekodie dakika tano au sita za kuviunganisha, akieleza kwa maneno kile ambacho slaidi zilikibeba siku ile. Ninaziita daraja. Daraja zirekodiwe kwa maikrofoni ileile na katika chumba kilekile, la sivyo sikio litashtuka kila sauti inapobadilika.

Na kabla ya kuamua lolote, ninampa sauti ghafi mtu mmoja ambaye hakuhudhuria na haijui mada. Ninamwomba anieleze kilichosemwa. Akiweza, tunaendelea. Akisema "sauti ni nzuri lakini sikuelewa walikuwa wakizungumzia nini", tunarudi kwa mtoa mada.

#8 Sikio la Tatu

Nimeelewa, wakuu. Vipi kuhusu kuichapisha? Kuna mengi ya kujaza, nami sijui lipi lina maana.

#9 Mwanzisha uzi

Hapa sitakaa sana. Unahitaji mahali pa kuhifadhi mafaili panapokupa mlisho wa RSS, yaani anwani ya mtandaoni yenye orodha ya vipindi vyako, na mlisho huo ndio unaoupeleka kwenye majukwaa ya kusikilizia. Ukishaupeleka mara moja, vipindi vipya vinajitokeza vyenyewe. Picha ya jalada iwe ya mraba, na saizi ya pikseli 3,000 kwa 3,000 inakubalika kwa Apple. Kichwa cha kipindi kitaje jambo, si tukio. "Kwa nini wanafunzi huondoka wiki ya sita" kitamvuta mtu, lakini "Mhadhara wa Mtandaoni Na. 7" hakimwambii lolote. Katika maelezo weka kiungo cha slaidi kwa anayezitaka, na dakika ambazo kila hoja inaanzia.

Jambo moja ninalolisisitiza ni manukuu, yaani maneno yote ya kipindi yakiwa yameandikwa. Apple ilianza kutoa manukuu hayo kwa vipindi vilivyo kwenye jukwaa lake mwezi Machi 2024, kwa kuanzia na Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Sisi tunaorekodi kwa Kiswahili inatubidi tuyaandike au tuyapitie kwa mkono. Ni kazi ndefu, lakini ndiyo inayomwezesha kiziwi kuifikia mada, na ndiyo inayowezesha kipindi kupatikana mtu anapotafuta neno fulani. Mimi huanza na vile vipindi ambavyo ninajua vitatumika kufundishia.

#10 Sikio la Tatu

La mwisho, Mkuu. Tuna rekodi 14 za zamani, zote zilifanyika kabla hatujajua haya. Je, tuzitupe?

#11 Mwanzisha uzi

Usizitupe, Ndugu. Kaa na kila moja, funga macho, sikiliza dakika kumi za mwanzo, kisha ruka moja kwa moja hadi kwenye maswali usikilize mpaka mwisho. Andika dakika za kila jibu linaloeleweka bila picha. Usitarajie kupata mada nzima. Tarajia vipande, na kila kipande kiwekee utangulizi mfupi uliorekodiwa upya. Wauliza maswali wanaosikika, watafute uwaombe ridhaa. Usipowapata, maswali yao yasome kwa sauti yako.

Baada ya swali lako nimeifungua tena ile rekodi yangu ya kwanza, yenye "kama mnavyoona hapa" mara 41. Sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho, kwa sababu nilikata tamaa mapema. Katika dakika ya 38 skrini ya mtoa mada iliganda. Anasikika akijaribu kuirudisha, fundi akimwambia asubiri, kisha mshiriki mmoja anauliza kwa nini wanafunzi wake huondoka wakati ambapo masomo bado ni mepesi. Mtoa mada hana tena cha kuonyesha. Anaanza kumweleza habari za mwanafunzi mmoja, wiki kwa wiki, siku aliyolipokea zoezi, usiku alioufungua ukurasa na kuufunga bila kuandika kitu, na asubuhi ambayo hakuingia tena. Inachukua dakika saba, na katika dakika hizo hakuna mahali aliposema "hapa" wala "hii". Kisha slaidi zinarudi, naye anaomba radhi kwa usumbufu.

Nimekwisha kuzikata dakika hizo saba. Wiki hii ninamwandikia kumwomba ridhaa ya kuzichapisha.